Mama Neema, niulizie neno moja Pangani

Moshi, 22 Septemba

Mpendwa Mama Neema,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, mgongo wa Baba Upendo umemwachia kidogo, na yule mdogo ameanza kutambaa, hakuna sufuria inayokaa mahali pake. Najua nimekaa kimya tangu arusi ya kina Elia, na simu yako ya Jumapili ilinikuta kanisani. Nisamehe. Leo naandika kwa sababu nina shida, na wewe una mjomba Pangani aliyekuwa nahodha, mimi sina.

Shida yenyewe ni neno. Wiki iliyopita nilisahihisha jaribio la jiografia la darasa la sita. Swali nililitunga mwenyewe: chora mtu amesimama, na jua la mchana likiwa kwenye upeo. Nilitaka walichore juu kabisa, wima juu ya kichwa, pale wataalamu wa falaki wanapopaita zenithi. Mtoto mmoja mpole, hasemi mpaka aulizwe, akalichora jua limekaa pale ardhi inapokutana na anga, na mtu wake ana kivuli kirefu mpaka ukingo wa karatasi. Nikamwekea kosa. Kesho yake akaja mezani na daftari, akafungua ukurasa wa Julai, akaweka kidole: "Upeo wa macho ni pale tunapoona mbingu imegusa ardhi." Mwandiko wake, maneno yangu. Hakusema kitu, alisimama tu na kidole chake. Mama Neema, niliona aibu. Nikampa alama zake, na darasani nikasema wazi kwamba aliyewachanganya ni mimi.

Lakini tangu siku hiyo situlii. Upeo ni mwisho wa kitu, sawa, ndiyo maana tunaupeleka kule mbali macho yanapoishia, halafu upeo huohuo tunaupandisha juu utosini. Mtoto afanye nini? Mwalimu mwenzangu anasema tutumie kilele. Hapa Moshi! Mwambie mtoto wa huku jua liko kileleni, atageuka kaskazini kuitafuta Kibo.

Mimi nashika utosi. Marehemu mama alikuwa akituita kutoka shambani, "Njooni mle, jua limefika utosini," na hakuna aliyeuliza maana, kwa sababu utosi kila mtu anao, anaugusa kwa kiganja. Na hata zenithi yenyewe imetoka kwenye Kiarabu, samt ar-ras, njia ya kichwa. Waandishi wa Kilatini wa zamani walilinakili vibaya likabaki limekatika. Hiyo ras ndiyo rasi yetu ya kwenye ramani, nchi iliyotoa kichwa baharini. Basi Waarabu nao walianzia kichwani kama mama. Tena utosi unaeleza jambo ambalo upeo haulielezi: zenithi ya mtu ni ya kwake. Ninapoiona mimi siyo unapoiona wewe Arusha, maana wima wa kichwa changu na wima wa kichwa chako haviendi sehemu moja ya anga.

Hapo ndipo nakuhitaji. Tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tena karibu na tarehe 1 Oktoba. Juni lote jua la mchana liko upande wa mlima na kivuli kinaanguka kusini. Desemba mambo yanageuka. Darasa la saba wameshamaliza mtihani, uwanja uko wazi, basi Ijumaa tulisimika kijiti cha mita 1. Fundi aliyekuwa akijenga choo alituazima timazi yake tukakinyoosha, na watoto wakagombania kushika uzi. Nilidhani saa 6 kamili jua litakuwa juu. Wapi! Kivuli kiliendelea kufupika hadi saa 6 na dakika 24. Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, unaopita huko karibu na Mogadishu, na sisi tuko magharibi yake, jua linachelewa kutufikia. Kivuli kilipokuwa kifupi kabisa kilibaki sentimita 8 na kidogo, bado kinaelekea kusini. Yule mpole ndiye aliyekipima, amepiga magoti, rula ameishika kwa mikono miwili.

Tarehe 1 kivuli hicho kitaingia chini ya kijiti, mawingu yakituachia. Kwetu itakuwa kama saa 6 na dakika 20, kwenu dakika mbili tatu baadaye. Nataka watoto waone hilo kwa macho, halafu niwape neno moja la kubaki nalo. Nisingependa kuwapa nililolipenda mimi tu kwa sababu ya mama. Upeo umeshaniumbua mara moja.

Kwa hiyo niulizie: mjomba wako alipokuwa nahodha, jua likisimama wima walisemaje chomboni? Jua la utosi, au wana neno jingine ambalo sisi wa bara hatulijui? Na likishapita, wanasema limepinduka, kama wanavyosema majirani zangu wakisubiri adhuhuri? Wewe siku hiyo utakuwa nyumbani au kazini? Unaweza kusimika kijiti uani, hata mpini wa fagio, Neema akaangalia saa kivuli kikiisha? Halafu unipigie hapohapo, niwasomee watoto dakika zenu kabla hawajaingia kula. Na mguu wa shangazi, umepona?

Wako,
Mama Upendo