Barua kwa Mwanaidi: mbalanga iliyogoma mikononi

Area C, Dodoma

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu zangu zikufikie huko Kondoa wewe na wanao. Umeandika kwamba mabaka meupe ya mbalanga usoni yanarudi rangi, ya mikononi yamegoma, na unataka kutupa dawa. Usitupe bado. Kwanza kaa mlangoni penye mwanga, utazame vinyweleo vya kila baka.

Rangi mpya hutoka kwenye mashina ya vinyweleo. Huanza kama vidoadoa vya kahawia, kisha vinaungana. Uso una vinyweleo tele. Ncha za vidole na viganja havina, kwa hiyo krimu haina pa kuanzia. Baka lenye vinyweleo vyeupe nalo limeishiwa akiba ya chembe za rangi. Si uzembe wako, shoga.

Nyuma ya mikono, penye vinyweleo vyeusi, endelea na krimu ya steroidi, betamethasoni 0.1%, mara moja kwa siku: wiki moja unapaka, wiki moja unapumzika. Dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole hadi pingili ya kwanza inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Ukipaka mfululizo, ngozi inakuwa nyembamba na kuchubuka ovyo. Usoni paka takrolimusi 0.1%, dawa isiyo ya steroidi, asubuhi na jioni, maana steroidi karibu na jicho inaweza kupandisha presha ya jicho.

Krimu peke yake haitoshi kwa baka sugu. Mwombe daktari wa ngozi tiba ya taa ya UVB (miale ya urujuanimno) yenye urefu wa wimbi wa nanomita 311, mara 2 au 3 kwa wiki, siku zisizofuatana. Dozi hupandishwa polepole mpaka baka liwe jekundu kidogo kwa siku moja hivi. Likitoa malengelenge, dozi imezidi. Usikate tamaa kabla ya miezi 6. Jua letu halipimiki, litakuunguza tu. Vaa mikono mirefu.

Vidole vikibaki vyeupe, kuna kupandikiza ngozi, ila baada ya miezi 12 bila baka jipya wala kukua kwa la zamani. Ukiwahi, hata kile kipande kilichopandikizwa kinaweza kupoteza rangi.

Nakusihi, acha kujisugua na dodoki, na badilisha kandambili zenye mkanda unaokwaruza: ngozi ikichubuka, mbalanga hufuata jeraha. Ndiyo maana kupaka maji ya betri au kitunguu saumu, vinavyounguza ngozi, kunaongeza mabaka. Omba pia kipimo cha damu cha tezi ya shingo (thairoidi), kwa kuwa magonjwa haya mawili huandamana.

Piga picha ya mikono kivulini, weka sarafu pembeni ya baka, urudie kila mwezi kwa sarafu ileile. Nitumie ya kwanza wiki hii.

Wako,
Rehema