Hitma ya Mwalimu wetu: Jumapili, Ngamiani

Assalaam alaykum na habari za jioni, ndugu zangu.

Jumapili hii tunamsomea hitma Mwalimu wetu wa uongozi. Mahali pamebadilika: si Raskazone tena, ni nyumbani kwake Ngamiani, saa 10:15 jioni, baada tu ya sala ya Alasiri. Mama ameomba tukae kwenye ua ule ule aliotufundishia Mwalimu, nami naona ndipo panapostahili.

1. Mchango ni shilingi 20,000 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2 usiku. Aliyebanwa aniambie faraghani, asiache kuja.
2. Vijana, mikeka na turubai viwe vimefika saa 8 mchana. Kina dada, tafadhali saidianeni na mpishi wa pilau.
3. Tutakuwa na nafasi ya kumkumbuka. Njooni na visa, sifa tupu hazitoshi. Mnakumbuka kikaoni alivyompa neno kwanza aliye mdogo kuliko wote, yeye akasema mwisho? Na Magharibi ikikaribia, daftari linafungwa, anapitia visheti vya wajukuu, hata awepo mkubwa gani. Umri wote ule mrefu hakulegeza hilo. Wanawe wanatamani kuyasikia haya kutoka kwetu.

Wenzetu Wakristo, karibuni sana, alikuwa mwalimu wenu pia.

Naomba kila mmoja aandike hapa "Nipo" au "Sitaweza", na idadi ya anaokuja nao, kabla ya Alhamisi hiyo hiyo usiku. Mpishi anasubiri kujua kilo za mchele.