Kuhusu lebo ya mlonge wako

Mwanangu Juma,

Marahaba, salamu zako zimefika. Picha za vikopo nimeziona. Unga ni wa kijani kizuri, inaonekana umeanika kivulini kama bibi yako alivyokuonyesha. Mlonge sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni hiyo lebo: "Unatibu kisukari, unasafisha ini, imethibitishwa na wanasayansi."

Hao wanasayansi nashinda nao maabara, baba. Panya anachomwa sindano ya streptozotosini, inayoua seli za kongosho zinazotoa insulini. Sukari ikipanda ikakaa huko juu, ini linajaa chembe haribifu kuliko linavyoweza kuzizima. Zinatafuna mafuta ya kuta za seli, seli zinavuja, na vimeng'enya vya ALT na AST vinamwagikia kwenye damu. Panya wengine wananyweshwa dondoo la mlonge, mara nyingi miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito, wiki kadhaa. Mwishoni ALT yao huwa imeshuka, na ukitazama ini kwa hadubini unaona seli zimejipanga vizuri zaidi. Hilo ni kweli, na linafurahisha.

Lakini ni dondoo: majani yamelowekwa kwenye ethanoli, yakachujwa, yakakaushwa mpaka kikabaki kitu cheusi kinachonata. Siyo kijiko cha unga kwenye uji. Na panya huyo hana miaka kumi ya kisukari, kitambi na presha. Majaribio ya mlonge kwa binadamu ni machache na madogo, hayatoshi kuandika "unatibu".

Usidhani nadharau majani. Metformini yenyewe, dawa ya kisukari ya hospitali, asili yake ni galega, mmea wa Ulaya. Galegini iliyomo ilikuwa na sumu, ikabidi wakemia watafute ndugu yake, na mwaka 1957 ndipo Jean Sterne wa Ufaransa akatoa majibu ya kuijaribu kwa wagonjwa. Tena mimea nayo huumiza ini: chai ya kijani kikombeni haina neno, ila vidonge vya dondoo lake vimeshalaza watu hospitali.

Anayenitia wasiwasi ni yule mzee uliyesema ameacha vidonge vyake vya kisukari. Mfuate leo, arudi kliniki, na amwambie daktari kuwa anatumia mlonge, maana ukichanganywa na vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka ghafla.

Lebo bandua zote kabla ya gulio. Andika "Unga wa majani ya mlonge", uzito na tarehe. Ukitaka kuuita dawa, nenda kwanza Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Mama yako