Kwa Mama Faraja, kabla hamjaagiza gari

Nagoya, Japani

Mpendwa Mama Faraja,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba nyote ni wazima na kwamba, baada ya miaka mingi ya kudunduliza, wewe na shemeji sasa mko tayari kuagiza gari. Umeniuliza, kwa kuwa niko huku yanakotoka magari hayo, kama V8 ya mtumba, ile Land Cruiser kubwa, ingewafaa, kwani shemeji anaamini kwamba gari kubwa ndilo litakalowalinda watoto. Nimelitafakari swali lako kwa siku kadhaa.

Kwa upande mmoja shemeji hajakosea: magari mawili yanapogongana, aliye ndani ya lile zito huwa na nafuu. Lakini nafuu hiyo hulipwa na mwingine, aliye katika gari dogo au anayetembea kando ya barabara, na jirani akiliona gari lenu naye atataka lake liwe kubwa zaidi, hata mtaa mzima ujae watu waliojihami dhidi ya wenzao.

Kinachonitisha hasa ni kimo cha boneti. Gari la chini humgonga mtu miguuni, naye huangukia juu ya boneti. Lile ambalo uso wake umesimama kama ukuta humgonga kifuani au kichwani na kumwangusha mbele ya magurudumu. Nchini Marekani, IIHS, taasisi ya utafiti inayogharamiwa na kampuni za bima, ilieleza mwaka 2023 kwamba gari lenye boneti inayozidi kimo cha sentimita 102 likimgonga mwenda kwa miguu, uwezekano wa kumuua huwa mkubwa kwa takriban asilimia 45 kuliko gari lenye boneti isiyozidi sentimita 76 na uso ulioinama. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka minne alisimama mbele ya gari la namna hiyo lililokuwa limeegeshwa karibu na chekechea yake. Nilipokwenda kuchungulia kutoka usawa wa kiti cha dereva, sikuona hata nywele zake. Tangu siku hiyo sijatulia.

Hapa Japani sheria inatambua kundi la magari madogo yaitwayo kei, yasiyozidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya cc 660, na wenye nayo hulipa kodi ndogo ya mwaka. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1949 kwa sababu za uchumi wa baada ya vita, si kwa ajili ya usalama wa waenda kwa miguu, lakini leo takriban theluthi moja ya magari mapya ni ya aina hiyo, na hata kirikuu zinazowabebea mizigo huko Sinza zimetoka humo. Jijini Paris, Februari 2024, wapiga kura waliojitokeza, ingawa walikuwa wachache, waliidhinisha ada ya maegesho ya wageni wenye magari mazito ipandishwe mara tatu, hadi euro 18 kwa saa katikati ya jiji.

Ushuru wetu nyumbani hutazama ukubwa wa injini na umri wa gari, nami sioni kwa nini usitazame pia uzito na kimo cha boneti. Sisemi magari makubwa yapigwe marufuku, kwa maana anayekwenda shambani Kilombero wakati wa masika hana budi kuwa na gari la juu. Lakini ninyi mtakuwa mkienda Kariakoo na kurudi, kwenye barabara ileile ambayo Faraja na wenzake huipita pembeni kwa miguu wakienda shuleni.

Ninawasihi mchague gari dogo lenye boneti ya chini iliyoinama. Mkikubali, nitakwenda mwenyewe yadi kulikagua na kulipima kwa futi kamba kabla hamjatuma fedha. Mpe shemeji salamu zangu, na umsomee barua hii yote.

Rafiki yako akupendaye,
Neema