Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Watengeneza Mishale ya Fito

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika na mliotuma udhuru. Mambo ya kawaida mnayafahamu: tulikata fito, tukazikausha, tukazinyoosha, tukafunga manyoya, na wanafunzi wapya tuliwafundisha. Sitayarudia.

Nizungumzie mishale 11 niliyoikataa siku ya kulenga shabaha, maana maneno yamekuwa mengi na nimeitwa mbabe, eti niliamua peke yangu. Ndugu zangu, kila mshale niliushika kwa mikono yangu, nikaukunja taratibu karibu na sikio. Mitatu ililia, dalili ya kupasuka. Mmoja wao ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeanzia penye kifundo kilichokwanguliwa kupita kiasi. Mshale wa namna hiyo unaweza kupasuka pale upote, yaani kamba ya upinde, unapoachiwa, na kibanzi chake kikaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Minane iliyobaki ilikuwa ya fito mbichi. Asubuhi imenyooka, jioni imerudia kupinda. Fito hukatwa kabla majani hayajachipua, hufungwa matita na gome lake, hukauka kivulini kwa miezi. Ndipo hupashwa juu ya makaa, hukunjwa kupita kidogo pale unapotaka, na kushikiliwa hadi zipoe. Yule mtu wa kale aliyepatikana mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na fito 14 za mishale katika podo lake. Zilizokamilika zilikuwa 2 tu. Kazi hii haijawahi kuwa ya haraka.

Ndiyo, niliamua peke yangu. Ningemuuliza nani? Vikao 6, akidi ilitimia mara 2. Wanachama 34: waliolipa ada yote 13, nusu 7, ambao hawajatoa chochote 14. Hata hivyo kano na utomvu wa kugandishia vinatumiwa na wote. Manyoya niliyachambua mimi siku tatu nzima, ya bawa la kulia mbali, ya bawa la kushoto mbali, na wengi waliyachukua bila hata asante. Hilo limeniuma, na naona ni haki kulisema hapa.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata banda la kukaushia na kuongeza vijana. Kamati itaangalia namna.

Fito za msimu huu ziko darini kwangu, matita 9. Naomba asizichukue mtu mpaka nitakapotangaza kwamba zimekauka.

Mwenyekiti