Kitenzi "improve" na tafsiri zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie kitenzi cha Kiingereza "improve", ambacho wafasiri wengi wa siku hizi hukigeuza kuwa "kuboresha" popote wanapokutana nacho, bila kuangalia kinahusu nini.

Asili ya kitenzi hiki ni faida, si ubora. Kiliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa kilichozungumzwa Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, na ndani yake limo neno la kale "prou", yaani faida. Aliye-"improve" ardhi aliitia katika uzalishaji ili impatie mapato, kwa kuizungushia ua, kuilima au kuipangisha. Maana ya kukifanya kitu kiwe bora zaidi ilikuja kuenea baadaye, katika karne ya 17. Ndiyo sababu hadi leo mikataba ya ardhi ya Kiingereza huyaita majengo, ua na mifereji iliyomo kiwanjani "improvements", hata kama nyumba yenyewe ni chakavu. Anayeandika "maboresho" hapo humpotosha msomaji, kwani kinachokusudiwa ni maendelezo. Vivyo hivyo, mshairi Isaac Watts alipoandika mwaka 1715 kwamba nyuki hu-"improve" kila saa yenye jua, alimsifu kwa kuitumia saa hiyo ipasavyo, asiipoteze bure.

Kikifuatwa na "on", kitenzi hicho hubadilika tena: kazi ya kwanza hubaki ilivyo, ila hutolewa nyingine inayoipita.

Linalonisikitisha zaidi ni sarufi. Kwa Kiingereza kitenzi hicho hakibadiliki umbo, kiwe na yambwa (yaani kitu kinachotendewa) au kisiwe nayo, lakini Kiswahili kina viambishi vya kutofautisha mambo hayo, na bado tunasoma magazetini kwamba "hali ya mgonjwa imeboresha". Imeboresha nini? Basi iwe "imeboreka", ingawa mwenye lugha yake angesema mgonjwa amepata nafuu, kama anavyosema kwamba uhusiano umeimarika, hali ya hewa imetengemaa na mwanafunzi anaendelea vizuri.

Naiomba meza yako ya uhariri, kila habari iliyotafsiriwa inapoletwa ikiwa na "kuboresha", imuulize mwandishi ni kitu gani hasa kilichobadilika, kisha itafute kitenzi kinacholitaja badiliko hilo.

Wako,
Msomaji na mfasiri