Barua ya wazi kwa jumuiya za watumia maji za Usangu: mpunga ukishavunwa, fungeni mabanio

Ndugu zangu viongozi na wanachama,

Nawasalimu kwa heshima ninyi nyote mlioko kwenye mito ya Mkoji, Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera, na kwenye Ruaha Mkuu wenyewe: wakulima wa mpunga, wafugaji, wenye vinyungu (bustani za kiangazi kwenye ardhi yenye unyevu) wa milimani, akina mama mnaochota maji mferejini, na vijana mnaoshika zamu za kugawa maji usiku. Mmekubali kukaa katika jumuiya kwa kila mto, kisha kukutana katika kidakio kizima, yaani eneo lote ambalo maji yake hukusanyika kwenye Ruaha Mkuu, pamoja na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, halmashauri na watu wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ni kazi njema, nami naiombea dua. Hata hivyo, umri wangu unanipa wajibu wa kuwaeleza waziwazi kwamba ushirikiano huu hautapimwa kwa wingi wa vikao wala kwa miche inayopandwa siku za sherehe. Utapimwa kati ya Julai na Novemba, kwenye malango ya mabanio yetu, vile vizuizi vya kuchepushia maji ya mto kwenda mfereji, wakati mpunga umekwisha kuvunwa na mto umebaki mwembamba.

Vijana wengi mmezaliwa mkiukuta Ruaha Mkuu ukikatika kiangazi, na huenda mnadhani ndivyo ulivyoumbwa. Sivyo. Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, na ni mwaka 1993 ulipoanza kukauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha, hali ambayo imekuwa ikijirudia kiangazi baada ya kiangazi. Watafiti waliopima mito yetu walionyesha kwamba kati ya 1958 na 2004 maji yanayoingia Ihefu, lile tindiga kubwa la Usangu, katika miezi ya Julai hadi Novemba yalipungua kwa takriban asilimia 70, na eneo la tindiga linalobaki na maji wakati huo likashuka kutoka kilomita za mraba zipatazo 160 hadi 93. Sababu kubwa waliyoitaja ni maji tunayoyachepusha sisi wenyewe, hasa kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji.

Ni muhimu mfahamu jinsi mto unavyokatika, maana bila kulifahamu hilo mtaendelea kulaumiana. Maji yote ya Usangu hukusanyika Ihefu, na Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, pale Ng'iriama, ambapo mwamba umekaa kama kizingiti cha nyumba. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea kwenda hifadhini na hatimaye bwawa la umeme la Mtera. Yakishuka chini ya mwamba, hata kidogo tu, hakuna kinachopita, ingawa ndani ya tindiga bado kuna maji na viboko. Wataalamu walikadiria kwamba ili takriban nusu mita ya ujazo tu kwa sekunde ivuke Ng'iriama kiangazi, inabidi mita za ujazo zipatazo 7 kwa sekunde ziingie Ihefu, kwa kuwa sehemu kubwa hupotea hewani na kunywewa na matete. Kwa hiyo kila mfereji unaoachwa wazi Chimala au Igurusi unahusika moja kwa moja na mabwawa makavu ya hifadhini, hata kama mwenye mfereji hajawahi kufika huko.

Kwa miaka mingi lawama zote waliangushiwa wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 familia nyingi na ng'ombe wao waliondolewa, na mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ng'ombe waliondoka, mto ukaendelea kukatika. Sisemi kwamba mifugo haibomoi kingo, kwani inabomoa, na mfugaji anapaswa kukubali njia na sehemu maalumu za kunyweshea. Ninachosema ni kwamba hamwezi kujenga jumuiya ya kweli juu ya lawama ambayo vipimo havikuithibitisha, na kamati ya mto isiyo na mfugaji mezani ni kamati ya wakulima tu.

Tuyatazame basi mabanio. Wazee wetu walichepusha maji kwa mawe, magogo, nyasi na udongo. Banio la namna ile lilivuja, na maji yaliyovuja yalikuwa riziki ya aliye chini. Mafuriko ya masika yalilibeba, na kila mwaka watu walilazimika kukutana ili kulijenga upya na kuelewana upya. Baadaye zikaja fedha za miradi, tukajengewa mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Yalitupunguzia kazi kweli, lakini banio la zege halivuji, na mahali pengi linaweza kuuchukua mto wote wa kiangazi na kuuingiza kwenye mfereji mmoja. Mkipita mashambani mwezi Septemba mtaona maji yakizagaa katika majaruba (vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa tuta) yasiyo na kitu ndani isipokuwa mabua na magugu, huku kilomita chache chini kijiji kizima kinafukua mchanga wa mto kutafuta ya kunywa. Hilo linaniuma kuliko jambo lingine lolote katika bonde hili.

Najua kwa nini malango hayafungwi, na sitaki kuwaonea. Sababu ya kwanza ni ya haki: katika vijiji vingi mfereji ndio kisima. Mama anachota humo, mtoto anaoga humo, ng'ombe wanakunywa humo, na ukifunga banio umewafungia hao wote. Dawa yake ni visima na mabomba, na hapa ndipo jumuiya zinapaswa kuisimamia halmashauri bila kuchoka, kwa sababu kisima kimoja cha kijiji kinaweza kuruhusu banio lenye maji mengi zaidi ya mahitaji ya nyumbani lifungwe. Fedha za wafadhili zikija tena, ombeni visima kabla ya kuomba zege lingine.

Sababu ya pili ni maneno ninayoyasikia mara kwa mara: "Nimelipia kibali." Kibali kinataja kiasi cha maji, na mara nyingi kiasi hicho kilikisiwa kwa kuutazama mto wa masika, hivyo ukijumlisha vibali vya mto mmoja unaweza kukuta vimeuzidi mto wenyewe wa kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na inatanguliza matumizi ya nyumbani na mahitaji ya mazingira kabla ya shughuli za uchumi. Aliyelipa ada hajanunua mto. Shauri langu ni kwamba kiangazi mwache kuhesabu lita na badala yake mgawane mafungu: ukiwa na mabanio matatu, mkubaliane kila moja lichukue fungu gani la maji yaliyopo siku hiyo, na fungu la mto lenyewe litajwe la kwanza, kabla ya la mtu yeyote. Mto ukipungua, mafungu yote yanapungua pamoja, wala hakuna anayelala akiwa ameshiba wakati mwenzake amekauka.

Jambo hili si geni kwetu. Kwenye mito ya Mkoji kuna vijiji vilivyopanga zamu, wa juu wakifunga kwa siku walizoelewana ili maji yawafikie wa chini. Pia wapo kati yenu walioucheza ule mchezo wa bonde ulioletwa na watafiti miaka ya mwanzo ya 2000: ubao mrefu wenye mteremko, gololi zikiwa maji, na vijiti vikiwa mabanio. Mzunguko wa kwanza kila mtu hupanga vijiti vyake anavyotaka, na gololi huishia kwa walio juu. Wa chini hubaki na mikono mitupu, na wengine hukasirika kweli ingawa ni mchezo. Kisha watu hubadilishana nafasi, wa juu akakaa chini. Hapo mazungumzo hubadilika kabisa. Ningependa ubao kama huo uchongwe na mafundi wetu wenyewe na ukae katika kila ofisi ya jumuiya, kila mjumbe mpya akalishwe chini kwanza.

Kwa wenzetu wa milimani, katika safu za Kipengere na Uporoto, nina neno fupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, na mikaratusi iliyosogezwa hadi kwenye chemchemi inakunywa maji ya watu wengi. Hata hivyo, kinyungu ndicho chakula cha familia kiangazi, na anayeambiwa aache lazima aonyeshwe atakula nini. Wenzetu wa Naivasha, nchini Kenya, walilitafutia njia: mwaka 2010 watumia maji wa ziwani walianza kuwapa wakulima wa Wanjohi na Turasha, walioko juu ya mto, hati za kununulia pembejeo, nao wakulima wakapanda nyasi za kuzuia mmomonyoko na kuacha kulima kingoni. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini anayefaidika chini alikubali kwamba ana deni kwa aliye juu. Skimu zetu za umwagiliaji zinazovuna mpunga wa kuuza nchi nzima zinaweza kutenga kitu kutokana na kila gunia.

Mwisho ni utunzaji wa kumbukumbu. Kila banio liwe na kipimo cha kina na daftari, na mgawa maji aandike kila asubuhi kina cha maji, lango limefunguliwa kiasi gani na kwa idhini ya nani. Daftari lisomwe mbele ya wanachama, na faini iliyoandikwa kwenye sheria ndogo imhusu hata mwenyekiti. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona jumuiya zikivunjika pale mkubwa mmoja alipofunguliwa lango usiku na kila mtu akajifanya hajui.

Naomba mkutano wa kidakio wa mwaka huu usiitishwe mjini. Ombeni idhini ya hifadhi, mkutane mwezi Oktoba Ng'iriama, kila jumuiya ije na madaftari yake ya Julai hadi Septemba, na wenye mabanio ya juu kabisa wawe wa kwanza kuyasoma.

Wenu katika kazi hii,
Mzee wenu wa Usangu, Mbarali